Ukurasa Uliovaliwa Mkononi

Twaiba alifika Munje asubuhi akakuta shimo limekwisha chimbwa. Lilikuwa nyuma ya nyumba ya Mzee Jaafar, kina chake cha goti, na kando yake gunia jeupe limejaa karatasi kuukuu. Mwezi wa Shaabani watu husafisha nyumba, na karatasi yenye jina la Mwenyezi Mungu haitupwi jaani. Huzikwa kwa heshima.

Desturi hiyo Twaiba aliipenda. Kilichomchoma roho ni kosa lililoandamana nayo: kila chenye herufi za Kiarabu kilihesabiwa kuwa msahafu, kikichakaa kikafukiwa, bila ya mtu kukisoma. Mwaka uliopita alichelewa kufika Waa, akaoneshwa mahali vyuo, vile vitabu vya kuandikwa kwa mkono, vya ukoo mzima vilipozikwa. Pameshapandwa mihogo.

Yeye ni mkutubi Msambweni. Chumba chake cha vitabu adimu kina makabati mawili, moja tupu, na kwa ajili ya hilo tupu huzunguka majumbani kama mshenga. Ana hasira moja isiyopoa. Shuleni alifundishwa kwamba watu wa pwani hii walikuwa wasimulizi tu, kalamu waliletewa na wageni. Basi nani aliyeandika yote haya yanayojaza mashimo?

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja kuzika nasi?"

"Nimekuja kusoma kwanza, mkinipa ruhusa."

"Soma. Lakini adhuhuri hainikuti sijafukia."

Muhsina, mkewe mzee, akamtandikia mkeka barazani. Gunia lilitoa kwanza juzuu za kuchapishwa, zile ambazo hazikosekani katika nyumba yoyote. Twaiba alizirudisha kwa adabu. Chini kabisa vidole vyake vikagusa karatasi nzito, yenye mikwaruzo kama kitambaa. Kilikuwa chuo kisicho na jalada. Akainua ukurasa juani, na ndani ya karatasi zikajitokeza hilali tatu, alama ya kiwanda cha ng'ambo cha zamani. Wino ulikuwa wa masizi, na kila herufi ilichorwa kwa mkono. Akasoma mistari michache kimya, kisha akacheka.

"Unauchekea msahafu?" Jaafar akauliza, uso umekunjamana.

"Si msahafu, baba. Ni Kiswahili kilichoandikwa kwa herufi za Kiarabu. Sikiliza: 'Mavyaa akikuficha nazi, mpikie wali mkavu mpaka aseme mwenyewe iliko.'"

Muhsina aliweka chini ungo wake. "Soma tena hapo."

Zilikuwa nyimbo za kumfunda bi harusi, na aliyezitunga alisema wazi kwamba ni mwanamke. Twaiba akaendelea kufunua kurasa kwa furaha. Chuo kama hiki hakina pacha. Lakini alipofika mwisho, furaha ikapungua. Waandishi wa zamani hawakutia nambari za kurasa. Chini ya ukurasa waliandika neno litakaloanza ukurasa wa mbele. Ukurasa wa mwisho uliobaki uliishia na neno *akikoroma*, na mbele yake palikuwa na ukingo uliokatwa kwa kisu.

"Mwandishi hutaja jina lake mwishoni," alisema. "Bila ya karatasi ile, huyu mama ataingia kabatini kwangu bila jina."

Muhsina alimtazama mumewe. Mumewe alitazama shimo.

"Mwambie," Muhsina alisema.

"Nimwambie nini?"

"Mavyaa, mamake huyu bwana, alinihadithia. Mwanawe alikuwa mchanga, halali, analia tu. Mwalimu wa kuandika hirizi hakupatikana, basi akakata karatasi kwenye chuo cha mamake akaishona. Kusoma hakujua. Aliona Kiarabu kimetosha."

Mkono wa kulia wa Jaafar ukaenda wenyewe juu ya kiwiko cha kushoto, pale ilipofungwa hirizi nyeusi ya ngozi. Ilikuwa imebadilishwa kamba mara nyingi, lakini haijafunguliwa kamwe. Alipikia wageni hotelini Diani nayo mkononi mpaka akastaafu.

"Imenilinda," alisema.

"Sikulazimishi, baba. Hiki nilichonacho kinanitosha kushukuru."

"Na likitoka jina la mtu mwengine, si wa kwetu?"

"Tutakuwa tumemjua huyo mwengine."

Jaafar akamnyooshea mkewe mkono. "Fumua wewe. Una sindano, na ulimi unakuwasha."

Karatasi ilitoka imekunjwa ndogo kama kiberiti. Twaiba aliilainisha kwa mvuke wa birika, akaifungua pole pole, akasoma kwa sauti.

"'Akikoroma, mgeuze ubavu. Asipogeuka, hamia chumba cha pili. Zimekwisha nyimbo zangu, mimi Mwanafatuma wa Munje.'"

"Nyanya," Jaafar alisema, kwa sauti ndogo.

Muhsina alikuwa ameshika mbavu. "Wallahi! Mimi usiku silali, kumbe mwenzangu mkoromo ameuvaa mkononi. Ndiyo maana hausikii dawa!"

Jaafar naye akacheka mpaka akajifuta macho kwa pindo la kikoi. Akaenda kuzika yaliyobaki guniani kwa bismillahi, akasawazisha mchanga kwa mguu. Aliporudi, Twaiba alikuwa ameshakifunga chuo katika leso, ukurasa uliopotea umelala mahali pake. Mzee alimpa ile ngozi tupu.

"Huko maktabani mna mashine ya kutoa nakala?"

"Ipo, baba."

"Nitolee ya ukurasa ule, ndogo ya kuenea humu. Nimeshazoea kutembea naye."