Oil Nzito ya Kashikishi

Mimi nilikuwa mutu wa mawese. Nilivuka ziwa Mweru kutoka upande wa Kongo na bidoni zangu za mafuta, nikaolewa huku Nchelenge, na soko lote la Kashikishi hakuna aliyeweza kunidanganya juu ya mafuta. Natumbukiza kidole, nasugua na gumba, basi. Mafuta mepesi yanayokimbia kidoleni yamechezewa. Mazito yanayoshika ngozi, hayo ndiyo mafuta. Hata wamama wa Kibemba waliniita niwapimie mafuta ya wauzaji wengine. Kichwa kilinivimba, sikatai.

Bwana yangu alikuwa shofere wa kamyo ya kaka yake mukubwa. Tulimwita yaya, naye alikaa Mansa. Kamyo ile ilibeba samaki mpaka miji ya migodi, na ilikuwa na turbo, ile feni ya kusukumia moteri hewa, kitu kigeni kwetu miaka ile ya sabini. Mlimani kamyo zingine zilikohoa, yetu ilipiga filimbi ikazipita. Bwana yangu aliipenda kuliko alivyonipenda mimi, na nilimwambia hivyo bila haya.

Fundi wa yaya alikuwa amemwonya. Turbo inazunguka kwa kasi ya ajabu na haina kinga nyingine ila oil. Iwe oil ya dizeli, ile iliyoandikwa kwamba inafaa turbo, nyepesi ya kufika upesi asubuhi moteri ikiwa baridi. Nzito inachelewa, chuma kinakula chuma. Yaya naye alisema neno lake: siku turbo inakufa mikononi mwako, unashuka, na nitahakikisha hakuna mutu anakupa kamyo tena. Yaya hakuwa mutu wa mizaha.

Mwaka ule oil ilipotea madukani. Siku tuliposikia imeingia Kashikishi, bwana yangu alikuwa chini na malaria, blanketi mbili na bado meno yanagongana. Akanituma mimi. "Mama watoto, lete ile ya fundi. Usilete ingine."

Dukani nikakuta aina mbili. Kulikuwa na mikebe ya mwisho ya ile ya fundi, na kulikuwa na pipa la oil ya wenye boti. Nikamwambia muzee wa duka afungue mukebe. Kidole ndani. Aka! Ilikimbia kama maji ya kuoshea sahani. Nikatumbukiza kwenye pipa: nzito, inavutika, inashika. Muzee akauliza, "Mama, si ni ya kamyo ya turbo?" Nikamjibu, "Wewe pima tu, baba. Mafuta usinifundishe." Akanijazia bidoni yangu kutoka kwenye pipa.

Nyumbani bwana yangu aliinua kichwa. "Ni ile ya fundi?"

"Ni ile ile, muzee aliimimina tu kwa bidoni," nikasema.

Ndivyo nilivyosema. Sikuona ni uongo mukubwa. Nilijiona nimewashinda akili, yeye na fundi wake, na kwamba nitamwambia baadaye, kamyo ikitembea muzuri, tucheke wote wawili.

Alipopata nguvu akabadilisha oil, akapakia. Nilipanda naye na magunia yangu ya chisense, zile dagaa zetu za kuanika. Ilikuwa mwezi wa sita, baridi inauma asubuhi. Moteri iliwaka kwa shida. Filimbi ilitoka na sauti ya kukwaruza, na bwana yangu akageuza sikio. Baada ya Mwense, kwenye mpando, ikalia mara moja kama nguruwe, kisha ikanyamaza. Moshi wa buluu ukafunika barabara nyuma yetu. "Mawe wee!" nikalia. Nilijua palepale.

Yaya alifika na fundi mchana. Fundi akafungua turbo, akatoa mti wake wa chuma, ule unaozunguka, umeungua, mweusi. Akachomoa kijiti cha kupimia oil, akaangalia namna oil inavyoning'inia.

"Hii ni ya boti. Nani alileta hii?"

Bwana yangu aliniangalia. Hakuniangalia kwa muda mrefu. Akamgeukia kaka yake.

"Ni mimi, yaya."

Na mimi, mwenye mdomo wa kujaza soko, nilisimama pale na magunia yangu. Yaya akanyoosha mkono. Bwana yangu akaweka funguo ndani yake.

Yaya alitimiza neno lake. Kutoka Mansa mpaka Kashikishi hakuna aliyempa usukani tena, na bwana yangu akaanza kushona nyavu za watu wengine. Nilikaa juma zima na ile aibu. Mwishowe nikapiga magoti pembeni ya nyavu.

"Baba watoto, nilikudanganya. Mbona hukusema ni mimi?"

Hakuacha kushona. "Kamyo nilikuwa nimeisha kuikosa. Ningekutukanisha kwa yaya, ningepata nini?"

Nililia kama mutoto. Yeye akaniambia niamke, magoti yataniuma.

Hakunigombeza siku hiyo, wala siku nyingine yoyote. Ila tangu hapo, kila nilicholeta kutoka sokoni, hata chumvi, alikifungua yeye kwanza, akaonja, ndipo akaniachia nipike.