Mbegu Zisizoombewa

Matrekta ya koloni yetu, makazi ya wakulima waumini waliojitenga na mji, yote yalikuwa na magurudumu ya chuma. Utotoni nililala kitandani alfajiri nikajua nani anakwenda shambani kwa kusikia tu. La Mzee Knelsen, mzee wa kanisa, lilikuwa na gurudumu lenye jino lililopinda, likienda kama mtu anayechechemea. Matairi ya mpira yalikatazwa. Mwenye mpira, wazee walisema, angefika mjini Santa Cruz kabla ya chakula cha mchana, na angeizoea njia hiyo.

Mimi sikuwa mtu wa kwenda mjini. Shuleni nilijua katekisimu nzima, lakini mwalimu akinisimamisha nilibaki nakitazama kiatu changu.

"Diedrich," kaka yangu Isaak alinitania, "siku ya kuoa utamtuma nani aitikie kwa niaba yako?"

Mama alimchapa kwa kitambaa cha vyombo huku naye akicheka.

Jumapili alasiri ndiyo niliyoipenda. Majirani walikuja na vigari vya farasi, tukanywa kahawa kwa mkate na jamu, kisha wote tukahamia kwenye benchi la nje kutafuna mbegu za alizeti za kukaanga. Mama alikuwa hodari. Mbegu iliingia upande mmoja wa mdomo, ganda likatokea upande wa pili, na maneno yake hayakukatika.

Nilipokuwa na miaka thelathini na moja, nilinunua trekta kuukuu nje ya koloni. Lilikuwa na mpira. Nilipaswa kuweka chuma kabla ya kuliingiza kwetu, lakini soya ilikuwa imekauka tayari kwa kuvunwa na mvua ilikuwa inakaribia. Nikasema wiki moja tu. Zikawa tatu.

Mzee Knelsen alikuja, akayatazama yale matairi kwa muda mrefu.

"Chuma nimeshaagiza, mzee," nikamwambia.

"Vizuri. Jumapili utasimama kanisani utubu."

Kuondoa mpira kulinichukua nusu siku. Kusimama ndiko kulikonishinda. Isaak alinifundisha sentensi mbili njiani, nikazirudia hadi mlangoni. Kisha nikawa mbele, wanaume upande huu, wanawake upande ule, na mdomo umekauka. Mhubiri alisubiri. Nje farasi alitikisa lijamu. Nikachukua kofia yangu, nikatoka.

Walisema ni kiburi. Kama ningeweza kuwaeleza kuwa si kiburi, zile sentensi mbili pia ningeziweza.

Nikatengwa. Kwetu, aliyetengwa haketi meza moja na waumini wala hali nao chombo kimoja. Mama aliniwekea sahani kwenye kimeza karibu na jiko, nikala nimewapa mgongo. Nilisikia kijiko chake kikisimama kila mara. Baada ya miezi minne sikuweza tena kukisikiliza, nikahamia Santa Cruz. Kazi niliyopata ni ya kuziba pancha. Isaak alipojua, alicheka hadi akakaa chini.

Miaka miwili sikurudi. Nilimkumbuka mama kila siku, lakini nilikiogopa kile kimeza. Kisha Isaak akanifuata gereji.

"Mama anataka uje Jumapili. Lakini usije saa ya chakula. Njoo baada ya kahawa."

Niliumia. Hata kimeza nimenyimwa, nikawaza. Nikaenda hivyo hivyo.

Nilimkuta peke yake kwenye benchi, bakuli la bati mapajani. Akasogea.

"Mama, mimi bado nimetengwa."

"Najua. Nilikuwepo."

"Na bakuli ni moja."

"Umewahi kumwona mtu akiombea mbegu?" akasema. "Chakula ni kile tunachokiombea. Kaa, mwanangu, unanizibia upepo."

Nikakaa. Mikono yetu ilikutana ndani ya bakuli, na hakuna aliyeuondoa wake haraka.

Mzee Knelsen akapita na kigari, akavuta hatamu. Akamtazama mama, akalitazama bakuli.

"Aganetha," akamwita.

"Tunapunga upepo, mzee."

Alifikiri kidogo. Kisha akatema ganda la alizeti pembeni ya gurudumu, akamwambia farasi twende.

Nilikwenda Jumapili zote kwa miaka kumi na moja, baada ya kahawa. Sasa mama hayupo, na bakuli lile liko kwangu, juu ya kabati la gereji. Wateja huniuliza mbona silitumii kuwekea nati.