Ndoana ya Mkwe

Shule niliishia darasa la nne, na hata hilo sikulimaliza vizuri. Lakini karakana yangu ya kutengeneza paleti za mbao huku ughaibuni, mtaa wa Rexdale, niliianzisha kwa nyundo moja na mikono hii, na sijawahi kumwomba mtu nauli. Nasema haya mapema ili ijulikane kwamba ninapokichukia kitu, sikichukii kwa kubabaika. Na kitu kinachonitia kinyaa mpaka leo ni samaki mwenye ndoana kooni, na mtu anayecheka juu yake.

Kuvua kwenye barafu nilifundishwa na mzee mmoja wa Kipolandi. Tulikuwa tukipakia mizigo pamoja katika ghala karibu na uwanja wa ndege, miaka ya elfu mbili mwanzoni, kabla sijajitegemea. Alinipeleka kwenye ziwa lililo kaskazini mwa jiji, akanionyesha kutoboa barafu kwa keekee refu na kusimamisha mtego wenye kibendera juu ya tundu: samaki akivuta, kibendera kinaruka. Siku hiyo alimtoa paiki, akampanua mdomo nione. Paiki ni samaki mrefu, mdomo wake bapa kama wa bata, lakini ndani meno yamejaa mpaka kwenye kaakaa, na yote yameelekea kooni. Mzee akachukua nailoni, akaivuta mara moja tu juu ya jino. Ikakatika. Somo likaisha.

Tangu hapo, kati ya mshipi na ndoana mimi hufunga kipande cha waya. Si ule wa uzi mmoja. Ule ukijipinda mara moja umekwisha, kovu linabaki na siku moja unakatikia hapo hapo. Nachukua wa nyuzi nyembamba za chuma zilizosokotwa, unaolegea majini, chambo kikaning'inia kama samaki aliyejifia mwenyewe. Wapo wanaofunga nailoni nene kama uzi wa gitaa, na hao sina ugomvi nao, mradi iwe nene kweli. Nyembamba ni uchoyo. Mtu anataka samaki wengi wadonoe chambo, na watakaokata waende na chuma tumboni, shauri yao.

Sasa, binti yangu alipopata mchumba, miaka kadhaa baadaye, aliniomba jambo moja. Nisifungue mdomo wangu kwa baba wa kijana mpaka posa ipite. Ananijua. Alianza kwa Kiingereza kama kawaida yake, lakini akamalizia kwa Kiswahili, nikatambua ana hofu ya kweli.

"Baba, tafadhali. Usiniharibie."

Nikamwahidi. Na hata bila ahadi, kwetu mkwe hakosolewi, hasa kabla mambo hayajafungwa.

Baba wa kijana alikuwa muuza magari yaliyotumika, mtu wa sauti kubwa. Aliposikia kwamba samaki wa siku ya posa nitamvua mwenyewe, akajialika tuongozane. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Huyu angefika enzi zao, wangeufuta msemo.

Alikuja na makoti mapya na kisanduku cha ndoana za ncha tatu, kila moja ina ushanga mwekundu. Alikuwa ametazama video. Akanieleza, mimi, kwamba paiki anauona waya na kuukimbia. Akaushika waya wangu kwa vidole viwili, akauliza kama mke wangu anajua nimemwibia kamba ya kuanikia nguo. Yeye akafunga nailoni nyembamba, laini kama unywele.

Na ukweli niuseme. Maji ya chini ya barafu siku ile yalikuwa maangavu, na nailoni yake iliumwa mara nyingi kuliko waya wangu. Kibendera chake kinaruka, anakimbia, anavuta, anapiga kelele, halafu mshipi unalegea. Akitoa, ncha imetafunwa, ndoana haipo. Anacheka. Anafunga nyingine. Nikamwambia kwa upole kwamba nina waya wa akiba. Akasema hizo ni habari za wazee. Kila alipocheka nilimwona samaki mmoja huko chini anashindwa kumeza, atakonda mpaka awe kama mshipi wa suruali. Nikatema mate kwenye theluji, nikamkumbuka binti yangu.

Halafu kibendera changu kikaruka. Nikamvuta pole pole, paiki mnene, akatoka. Waya wangu ulikuwa umekwaruzwa lakini mzima, ndoana yangu imeshika pembeni mwa mdomo. Nikampanua. Ndani kabisa, kooni, ndoana ya ncha tatu yenye ushanga mwekundu. Nyama imechanika, damu imeganda nyeusi, ute umejaa, na kipande cha nailoni iliyotafunwa kinatokeza kati ya meno. Samaki anayeuona waya na kuukimbia, kumbe na chuma kooni bado ameuma waya.

Nikamwinulia mkwe amwone. Nilidhani ataona haya.

"Ah, ndoana yangu hiyo," akasema. "Nitolee, mkwe. Zimebaki chache."

Nikamjibu kwamba nitamtolea nyumbani.

Siku ya posa wageni walijaa sebuleni, mshenga akasema maneno mazuri. Kabla ya chakula mkwe akawasimulia kwamba samaki ni wake: alimchosha yeye, mimi nilimwokota tu. Watu wakacheka. Binti yangu akanitazama. Nikaenda jikoni.

Mke wangu alikuwa amempika kwa nazi, kichwa kizima. Aliniuliza tena kwa nini sikuitoa ile ndoana. Nikamwambia ni mali ya mgeni. Kwetu kichwa cha samaki hupewa mgeni wa heshima, basi nikakipakua mwenyewe, nikamwekea mbele yake, mdomo umemwelekea, nailoni inaning'inia kwenye mchuzi.

"Mkwe, ndoana yako hiyo. Niliahidi."

Yule mtu akaichomoa, akailamba mchuzi, akaifunga kwenye karatasi ya kufutia mikono na kuitia mfukoni. Kisha akaanza kula. Nimesafisha vyoo vya watu katika maisha yangu. Sijaona kitu cha kunitapisha kama kile.

Ni kijana aliyeweka kijiko chini.

"Baba, na zile nyingine?"

"Zipi?"

"Ulizoziacha kwenye samaki."

Baba yake alikuwa anafyonza jicho. Mimi nikamgeukia mshenga, nikamwambia kwa upande wangu posa imepokelewa.

Jikoni binti yangu aliniuliza kwa Kiingereza kama huko ndiko kufunga mdomo. Nikamwambia mdomo uliofunguka ulikuwa wa samaki. Hakucheka, lakini sufuria alizibeba kwa upole.

Barafu ikishika, mkwe hunipigia simu twende ziwani. Namwambia mgongo unaniuma. Halafu nampitia mwanawe, na waya anafunga yeye.