Sarafu ya Bundi

Juzi, nikisafisha nyumba ya mzee mmoja Nyali, niliona sarafu ya fedha yenye bundi ndani ya kabati la kioo. Mzee alinieleza kuwa ilikuwa ya Wagiriki wa kale, na kwamba kwao bundi alikuwa ndege wa hekima. Nilibaki na kitambaa mkononi, machozi yakinilengalenga.

Kwetu Likoni, baba alikuwa baharia, na alikusanya sarafu kama hizo katika bandari alizopita. Aliziweka ndani ya mkebe wa kahawa, moja ikiwa na bundi kama huyo, nami nilipenda kuufungua ninuse. Alasiri moja mama alikuwa mgonjwa sana. Chumba kizima kilinukia mafuta ya karafuu, na jikoni nyanya alikuwa akinong'ona kwamba bundi amelia, sasa mtu atakufa. Mimi nilidhani ni yule wa mkebeni. Nilimchukua, nikakimbia naye hadi ufuoni, nikamvurumisha majini kwa nguvu zangu zote.

"Mama, nimemtupa bundi wa baba. Sasa utapona."

Mama alicheka mpaka akakohoa.

"Wallahi, nishaanza kupona. Njoo ulale hapa, mwanangu."

Hakupona. Baada ya matanga, baba aliumwaga mkebe mkekani, akawa anazipekua sarafu moja moja.

"Mwanangu!"

"Abee, baba."

"Hukuiona ile ya bundi? Nilimpa mamako siku ya harusi yetu. Aliniambia nikuwekee wewe."