Saa Moja ya Dubai

Saa nane mchana uvumilivu ulinitoka, nikagonga kaunta ya uwanja wa ndege, mtoto mgongoni.

Mume wangu alikuwa anarudi kutoka Dubai, nami niliapa kumpokea kabla mamake hajamkokota hadi kwake Utange. Ndege inatoka saa mbili, safari ni saa tano, basi inatua saa saba. Kidato cha nne nilimaliza. Kuuliza niliwaachia wajinga.

"Ilitua saa sita, dada," karani akasema.

Nikampigia mavyaa.

"Yuko huku Utange anakula, mwanangu. Kwani wewe ulilala?"

Nikamgeukia karani. "Mbili na tano ni ngapi?"

"Saba. Lakini saa ya Dubai iko mbele ya yetu kwa saa moja."

Watu walikuwa wakitazama, na fomu ya malalamiko nilishaidai. Nikaandika, nikatia sahihi: "Ndege ilifika mapema bila kunijulisha."