Rubani Hakurudi

Mimi ni mbishi, sikatai. Mama yangu alikuwa akisema nilizaliwa nikibishana na mkunga, na mume wangu, siku alipochoka nami, alisema heri aishi na redio kwa sababu redio ina mahali pa kuzimia. Nayasema haya mapema ili mtu asije akanionea huruma pasipostahili.

Kwetu ni Busia, upande wa Kenya, lakini nauza vitabu vya mitumba sokoni Jinja. Vinakuja kwa marobota kama nguo, na ukikata kamba hujui utakuta nini: mapishi ya nchi za baridi, miongozo ya matrekta, kamusi isiyo na herufi ya kwanza. Robota moja lilinipa katuni. Vitabu kumi na kimoja vyembamba, hadithi moja, kuhusu watu watano waliopanda chombo wakaenda kwenye sayari isiyo na jua. Kuviuza sikuviuza. Nilivisoma chumbani kwangu Masese, harufu ya samaki wa kukausha ikiingia dirishani, nikavirudia mpaka nikajua kila ukurasa una picha ngapi.

Mwisho wa hadithi hiyo mlango wa chombo unaharibika, haufungiki ila kwa nje. Rubani, mwanamke, anatoka, anaufunga, wenzake wanne wanaondoka. Picha ya mwisho ni kofia yake ya kioo, na ndani ya kioo hamna uso, ni barafu tupu. Kisha ukurasa mweusi, basi. Nililia. Lakini nilikipenda kile kitabu kwa sababu mwezi uleule mume wangu alikuwa amefunga mizigo yake akisema anakwenda kwao mara moja, atarudi. Hakurudi. Kitabu angalau hakikunidanganya.

Baadaye nikasikia hadithi ile imetengenezewa filamu na inaonyeshwa Mbale, kwenye kibanda kimoja karibu na mahali malori ya Kenya yanapoegeshwa. Nilikuwa na wateja wa vitabu huko, nikaenda Jumapili.

Kwa asiyevijua vibanda vyetu: ni chumba cha mbao, mabenchi, pazia jeusi mlangoni, televisheni moja mbele. Filamu inakuja na Kiingereza chake, lakini nani ana haja nacho. Kando ya televisheni anakaa mtafsiri na maiki. Anapunguza sauti ya filamu, anasema yeye. Anasema maneno ya wote, mwanamume, mwanamke, hata roboti, na pale ambapo hakuna anayesema anatia yake mwenyewe. Siku za kazi pale kibandani ilikuwa Kiluganda. Jumapili alasiri ilikuwa Kiswahili, kwa ajili ya madereva na Wakenya wengine, na bibi mmoja jirani alikuwa akifunga madirisha siku hiyo, maana yeye Kiswahili alikijulia kwa wanajeshi na hakutaka kukisikia tena.

Mtafsiri wa Jumapili alikuwa mwenye kibanda mwenyewe, Mwislamu wa Mbale, mtu mzima wa kanzu na koti, ambaye siku nyingine alitengeneza redio. Watu walimwita fundi. Sauti aliyokuwa nayo mtu yule sijui niielezeje. Ilikuwa nzito, haina haraka, hata akisema upuuzi unataka aendelee.

Filamu yenyewe iliniudhi tangu mwanzo. Kwenye katuni nahodha ni mama mzee mwenye mguu mbovu, wao wakaweka kijana wa meno meupe. Roboti ambayo katunini haisemi kitu wakaifanya mchekeshaji. Nikavumilia. Mwishoni rubani akatoka nje, mlango ukafungwa, chombo kikaondoka, na badala ya ile kofia yenye barafu wakaonyesha uwanda wa giza na taa moja ndogo kwa mbali. Ikaishia hapo. Na fundi, kwenye maiki, akasema polepole: "Munaona hiyo taa? Ni yeye huyo. Anatembea. Iko chombo kingine kinamungoja kule. Huyu mama anafika nyumbani, watu wangu. Anafika."

Nikasimama palepale. Nikamwambia, "Fundi, unaongopea watu. Huyo amekufa. Mimi kitabu ninacho."

Kibanda kizima kikageuka kunitazama. Mwanamke mmoja anayeuza chapati nje ya kibanda, ambaye hakukosa Jumapili hata moja, akaniambia kama nimekuja na kilio changu nikimalizie kwangu. Wakacheka mpaka benchi likatikisika. Fundi hakucheka. Aliniuliza tu, "Dada, hicho kitabu unaweza kuniazima?"

Nikamwazima. Nilijua akisoma, maneno yamekwisha. Baada ya mwezi akanirudishia vyote kumi na kimoja, amevifunga kwa gazeti vizuri, hakuna ukurasa uliokunjwa.

"Nimesoma yote," alisema. "Ni kweli, amekufa."

"Sasa utasema ukweli?"

"Kitabu ni chao. Kibanda ni changu."

Hapo ndipo tulipoanza, na tulibishana miaka sita. Filamu ile aliirudisha mara mbili kwa mwaka, kwa kuombwa, na kila mara nilitoka Jinja kwenda kumpinga. Watu wakagawanyika. Mimi nilikuwa na dereva mmoja wa Nakuru, ambaye nilimsomesha katuni zote kwa zamu, na vijana wa gereji wawili watatu. Tuliitwa watu wa barafu. Fundi alikuwa na watu wote wengine wa kibanda, na mwuza chapati ndiye msemaji wao. Tulibishania rangi ya chombo, mguu wa nahodha, hewa ya rubani ingemtosha kwa saa ngapi, taa ile inaendeshwa na nini ikiwa kila kitu kimeganda. Dereva wa Nakuru alikuja siku moja amepiga hesabu za hewa nyuma ya risiti ya mafuta. Fundi aliitazama ile karatasi akasema hesabu ni nzuri lakini huyo mama hakuisoma. Wakacheka tena, na mimi ndiye niliyechekwa. Roho iliniuma kila mara, msinione ninasimulia kwa utulivu. Nilikuwa na haki na sikupewa.

Mwaka wa sita sauti yake ikaanza kukwaruza. Akasema ni vumbi. Akanywa tangawizi, akanywa asali, akafunga skafu shingoni. Alipokwenda hospitali walimwambia kuna uvimbe kooni, ataenda Kampala wamkate, na wakishakata hatasema tena. Akiamka. Daktari alimwambia hivyo hivyo, kwamba moyo wake nao si mzuri, na kuamka ni jambo la kuombea.

Alinipigia simu mwenyewe. Sikumtambua. Ilikuwa sauti ya mtu anayeburuta gunia.

"Jumatatu naenda Kampala. Jumapili nataka tuonyeshe ile filamu. Mimi siwezi. Utafsiri wewe."

Nikamwuliza kwa nini mimi, wakati mwuza chapati anajua kila neno lake.

"Yeye ataimba kama kasuku. Wewe unaijua hadithi." Akapumzika. "Dada, miaka yote hii mimi naambia watu wengine kwamba huyu mama anafika. Mimi hakuna mtu aliniambia. Nataka kukaa kwa benchi na niambiwe. Wallahi naogopa. Niambie anafika, basi nitaenda."

Nikamwambia nitamwambia. Nilimaanisha. Katika basi kutoka Jinja nilijisemea yale maneno yake midomo ikicheza, mpaka abiria wa pembeni akasogea.

Jumapili hiyo kibanda kilijaa kuliko nilivyowahi kukiona. Fundi alikaa benchi la mbele, skafu shingoni, mikono magotini kama mgeni. Nikashika maiki. Mwanzo nilikosea kidogo, nikampa roboti maneno ya nahodha, watu wakanitania, kisha nikazoea. Nikawa hodari hata. Nilijisikia ninavyosikika, na ilikuwa tamu, kusema mtu watu wakanyamaza. Sikuwahi kunyamaziwa mle ndani.

Rubani akatoka nje. Mlango ukafungwa. Taa ile ndogo ikaonekana.

Dereva wa Nakuru, aliyekuwa amesimama nyuma kwa kukosa nafasi, akasema kwa sauti, "Dada, leo maiki ni yetu. Waambie ukweli." Mwuza chapati akamjibu, "Hawezi. Anajua mwenyewe kitabu chake ni cha uongo."

Ningeweza kukaa kimya. Ningeweza kusema yale maneno machache tu niliyojisemea njia nzima. Lakini kiburi kilinipanda, miaka sita ya kuchekwa ikanijaa mdomoni, na nikasahau nilikuwa pale kwa ajili ya nani. Sikusahau kabisa. Huo ni uongo. Nilimwona pale mbele, nikasema hivyo hivyo.

"Amekufa," nikasema. "Hakuna chombo kingine. Kitabuni alikufa, na hapa amekufa."

Hakuna aliyeshangilia, hata dereva wa Nakuru. Spika ya nje ilikuwa imewashwa, kwa hiyo na barabarani walisikia. Fundi alibaki ameinama akitazama mikono yake. Kisha akainuka, akatoka kwa mlango wa nyuma, akazima jenereta kama alivyofanya kila filamu ikiisha, na televisheni ikawa nyeusi. Nilipotoka kumtafuta alikuwa ameshapanda bodaboda.

Aliamka, namshukuru Mungu kwa hilo. Walimrudisha nyumbani kwake Busiu, nyumba iliyo ndani ya migomba, hatua chache kutoka barabara ya Tororo. Nilimaliza wiki tatu nikijipa sababu za kutokwenda: robota linafika, mvua, nauli. Ukweli nilikuwa na haya. Mwishowe nikaenda. Mkewe alinikaribisha kwa adabu, akanipa chai na kiti karibu na kitanda, akatuacha.

Alikuwa amekonda. Shingoni palikuwa na tundu lililofunikwa kitambaa cheupe, na hewa ilipita hapo kwa mlio mdogo. Kando ya mto kulikuwa na daftari la shule na kalamu. Nikamwomba msamaha. Akainua mkono, kama kusema yaishe, lakini hakunitazama.

Nikamwambia, "Fundi, ngoja nikwambie sasa. Vile ulitaka."

Akafumba macho. Nikamsimulia filamu nzima, tangu chombo kinaruka. Nilimpa nahodha sauti yake, roboti sauti yake. Nilipofika kwenye taa nikatumia maneno yake mwenyewe, bila kupunguza: ni yeye huyo, anatembea, kiko chombo kingine kinamngoja, anafika nyumbani, watu wangu, anafika. Nje mtu alikuwa akipukuchua mahindi, punje zinaangukia bati.

Alifumbua macho akanitazama usoni kwa muda. Akachukua daftari, akaandika polepole, akanigeuzia.

*Maneno ni yangu. Lakini wewe huamini.*

Nilitazama ile karatasi kisha nikatazama sakafu. Akalifunga daftari, akageukia ukutani. Nilikaa mpaka chai ikapoa. Niliporudi barabarani kungoja gari nilikuwa nalia waziwazi, na wenye mahindi ya kuchoma wakajifanya hawanioni.

Alifariki kabla ya mwezi kwisha. Walimzika siku ileile, kama desturi yao, na mimi nilifika kutoka Jinja watu wakitawanyika, udongo bado mbichi. Mwuza chapati alikuwa amekaa kwenye jiwe kando ya njia, kitenge kimemfunika kichwa. Alisogea nikae. Hatukuwa tumewahi kukaa pamoja, sisi wawili.

Aliniuliza kama ni kweli nilikwenda kumwona. Nikasema ndiyo. Akauliza kama nilimwambia yule mama anafika. Nikasema nilimwambia.

"Akafurahi?"

Nilimtazama yule mwanamke, macho mekundu, unga bado kwenye kucha.

"Alifurahi sana," nikasema. "Alilala akiwa na amani."

Nilisema bila kumeza mate, bila kupepesa jicho, kama mtu anayeamini. Akaushika mkono wangu, akanishukuru.