Miguu ya Frotlinda

Kwa miaka ishirini na miwili, kwenye shamba la mfalme kando ya mto Rhine, hakuna aliyeingia katika pipa la zabibu kabla ya Frotlinda. Kazi hiyo aliirithi kwa mama yake, pamoja na miguu mipana na sauti ya kusikika ng'ambo ya mto. Akikanyaga zabibu, gauni limefungwa juu ya magoti, aliwatania wachumaji mmoja mmoja, na hakusalimika mtu, hata padri.

Msimu mmoja wa mavuno ikaja amri ya Mfalme Karolo. Ilikuwa ndefu ajabu, maana mfalme yule, pamoja na ukubwa wote wa nchi zake, hakutaka hata bata ampotee. Padri aliisoma kwa sauti, na katikati mkawa na neno hili: zabibu za mfalme zisikanyagwe kwa miguu.

"Miguu yangu ina nini?" Frotlinda akafoka. "Si aje ainuse!"

"Nyamaza wewe, utatuponza," akasema Ragenbert, msimamizi wa shamba.

"Naiosha kuliko anavyooga yeye!"

"Yeye anashinda kwenye maji ya moto kule Aachen."

"Basi tumetoshana!"

Lakini shinikizo la mbao la kukamulia zabibu likasimikwa, na Frotlinda akapelekwa nyumba ya wafumaji, kufuma sufu nyuma ya uzio na mlango wa komeo. Mtu ambaye hakuwahi kukaa ndani siku ya mavuno! Alilia mchana kweupe, wala hakujificha.

Ragenbert, kwa uroho wake wa kutaka kila tone, aliweka wanaume wanne wakaze shinikizo hadi mbegu zikapasuka. Kilichotoka kilikuwa kichungu hata padri alipoonja alifanya ishara ya msalaba. Na mkaguzi wa mfalme alikuwa njiani.

Msimamizi akaenda mwenyewe nyumba ya wafumaji.

"Frotlinda, njoo utusaidie."

"Sisikii. Sufu imeniziba masikio."

"Tafadhali, mama."

"Hapo kidogo nimesikia."

Hakukanyaga hata zabibu moja. Alivua kiatu, akaweka mguu mtupu juu ya ubao wa shinikizo, akafumba macho. "Kazeni. Taratibu, hamkamui ng'ombe wa jirani! Basi, acheni!"

"Bado maji yamo mengi," Ragenbert akalalamika.

"Na mbegu zimo. Nazisikia mguuni zinaanza kugoma."

Walikuwa katika hali hiyo mkaguzi alipoingia, bwana mwembamba aitwaye Adalgar. Jicho lake likatua moja kwa moja kwenye ule mguu.

"Kwani huku amri haijafika?"

Frotlinda hakuuondoa mguu. Alijua neno moja tu la huyu bwana lingemrudisha kwenye sufu mpaka kufa kwake.

"Imefika, bwana mkubwa. Imekataza kukanyaga zabibu. Mimi nimekanyaga mti."

Adalgar akautazama mguu, akautazama mti. Akaomba kikombe, akaonja. Akaonja tena. Kikombe cha tatu hakikuwa cha ukaguzi.

"Mama huyu ni wa wapi?"

"Nyumba ya wafumaji, bwana."

"Mtoe. Awe wa hapa."

Akawa wa hapo, mwaka baada ya mwaka. Na kila mavuno alianza kazi kwa kumsema Mfalme Karolo na amri yake, watu wakicheka hadi mbavu zinauma.

Msimu mmoja wa baridi mjumbe akaleta habari kwamba mfalme amefariki. Vijana wakamkimbilia Frotlinda, sasa kichwa cheupe, wakidhani watamfurahisha.

"Mama, mavuno yajayo ingia kwenye pipa! Nani wa kukukataza tena?"

Aliketi kwenye ubao wa shinikizo akaangua kilio, kilio cha mfiwa hasa, mpaka wakaona haya.

"Niacheni," akasema. "Wakubwa wote wa dunia hii, ni yeye peke yake aliyewahi kuifikiria miguu yangu."